printf za C++ hazionekani kwenye logcat, na tundu la USB limeshikwa na mizani. Msaada wakuu

KijanaWaHombolo

Habari za muda huu wakuu, nimekwama mahali naombeni mwanga. Natengeneza programu ya Android ya kupokelea zabibu kwenye kituo cha kukusanyia mazao huku Hombolo, mkulima analeta kreti zake, karani anapandisha kwenye mizani, simu inasoma kilo yenyewe na kutoa risiti, basi, hakuna kuandika kwenye daftari. Mizani ni ya kielektroniki ya zamani kidogo ina RS232, nimeunga adapta ya kwenda USB alafu OTG (kiunganishi cha kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu) mpaka kwenye simu, spidi 9600. Upande wa Java naomba ruhusa kwa UsbManager, nafungua kifaa, nachukua namba ya getFileDescriptor() naikabidhi kwa laibrari ya C++ kupitia JNI (daraja la Java na C++), na hiyo laibrari ndo inachambua baiti zinazotoka kwenye mizani.

Sasa hiyo laibrari sijaiandika mimi, nimeikuta, na imejaa printf na fprintf(stderr), yaani amri za kuandika ujumbe, kila kona. Ndizo zinazoniambia kama uzito umekuja mzima au umekatika katikati, cheksamu (hesabu ya kuhakiki baiti) imekubali au imekataa. Kwenye laptopu yangu ya Linux zinatoka zote vizuri tu. Nikaikompaili kama programu ya peke yake nikaisukuma kwa adb push (adb ni zana ya kuiamuru simu kutoka laptopu) mpaka /data/local/tmp nikailisha faili la baiti nilizorekodi, nako zinatoka kwenye terminali bila shida. Nikiiweka ndani ya apu, kimya. logcat (kisomea logi cha Android) haina hata mstari mmoja wa laibrari, wakati System.out.println zangu za Java naziona kabisa.

Na kuna tatizo la pili, simu ina tundu moja tu na mizani imelikalia, kwaiyo siwezi kuchomeka kebo ya laptopu wakati mizani inafanya kazi. Nataka hizo printf ziingie kwenye logi ya simu yenyewe nije nizisome baadae au hata muda huohuo kama kuna njia. Simu ni Android 9, haijarutiwa (sina mamlaka ya root, ya mfumo mzima) na siwezi kuiruti maana sio yangu ni ya kituo.

---

singida_alizeti

Mkuu mbona rahisi, fungua adb shell piga hivi:

    stop
    setprop log.redirect-stdio true
    start

Kila kinachoenda stdout na stderr (njia za kutolea maandishi na makosa) kinahamia logcat. Karibu Singida.

---

mzeeWaTerminali

@singida_alizeti hiyo ni ya enzi za Dalvik (injini ya zamani ya kuendesha apu) na emuleta. Hizo stop na start zinazima na kuwasha mfumo mzima wa juu wa Android, zinataka root, na kijana kashasema simu haijarutiwa. Kwenye simu ya dukani utaambiwa huna ruhusa na hapo ndo mwisho wa safari. Tangu Android 5.0 Dalvik yenyewe haipo tena, ilikuja ART, kwaiyo hata ukiwa na root mi nisingeitegemea.

Kijana, kwanza elewa kwanini kimya. Kila apu kwenye Android inazaliwa na mchakato mmoja unaitwa zygote, na huyo zygote faili namba 0, 1 na 2 zake (stdin, stdout na stderr) zimeelekezwa /dev/null. Apu yako inarithi hivyohivyo. Kwaiyo printf yako haijafeli, imeandika vizuri kabisa, ila imeandika kwenye shimo. System.out ya Java inaonekana kwa sababu Android wenyewe wameibadilisha wakati apu inawaka, wameweka PrintStream yao inayopeleka kila mstari kwenye logi, System.out inaingia kwa ngazi ya I (taarifa) na System.err kwa ngazi ya W (onyo). Wamefanya kwa Java tu. Upande wa C hakuna aliyekufanyia, unafanya mwenyewe.

Ulipoendesha kutoka adb shell zilionekana kwa sababu pale mzazi wa programu ni shell na terminali yako ndo stdout. Mazingira mawili tofauti kabisa.

---

BintiKondoa

Mzee kamaliza upande wa kwanini. Upande wa nifanyeje, njia iliyonyooka ni kutotumia printf, unaweka `#include <android/log.h>` alafu unaita `__android_log_print(ANDROID_LOG_INFO, "mizani", "kilo=%d", kilo);` na kwenye CMake unaongeza `target_link_libraries(mizani log)`. Mi kodi zangu zote nafanya hivyo, unapata ngazi, unapata tegi yako, unachuja unavyotaka. Kuacha printf ndani ya apu ya simu naona ni uvivu tu jamani tusidanganyane.

---

KijanaWaHombolo

Dada nakubali ila printf sio zangu, zipo kwenye mafaili mengi na yule mwenye laibrari akitoa apdeti itabidi nianze upya kuzibadilisha zote. Ndo maana natafuta njia ya kuzigeuzia njia bila kugusa kodi ya mwenzangu

---

mzeeWaTerminali

Hapo kijana ana haki yake, kodi ya mtu mwingine usiichokonoe kama unaweza kuzunguka.

Unachofanya ni hiki, unatengeneza paipu (mfereji wa data wenye midomo miwili), mdomo wa kuandikia unaubandika juu ya namba 1 na namba 2 kwa dup2, alafu unaanzisha thredi moja inakaa kwenye mdomo wa kusomea, kila mstari ukifika inaukabidhi kwa logi. Laibrari haitajua chochote, yenyewe inaprinti kama kawaida.

    #include <android/log.h>
    #include <pthread.h>
    #include <stdio.h>
    #include <string.h>
    #include <unistd.h>

    static int pfd[2];

    static void* soma(void*) {
        char buf[1024];
        FILE* f = fdopen(pfd[0], "r");
        while (fgets(buf, sizeof buf, f)) {
            buf[strcspn(buf, "\n")] = 0;
            __android_log_write(ANDROID_LOG_INFO, "mizani", buf);
        }
        return nullptr;
    }

    void anza_logi() {
        setvbuf(stdout, nullptr, _IOLBF, 0);
        setvbuf(stderr, nullptr, _IONBF, 0);
        if (pipe(pfd) != 0) return;
        dup2(pfd[1], STDOUT_FILENO);
        dup2(pfd[1], STDERR_FILENO);
        pthread_t t;
        if (pthread_create(&t, nullptr, soma, nullptr) == 0)
            pthread_detach(t);
    }

Iite anza_logi() mapema, mahali pazuri ni ndani ya JNI_OnLoad, kabla laibrari haijaanza kuongea. std::cout nayo itapita humohumo kwa sababu mwisho wa siku inaandikia stdout ileile. Usisahau kulinki na log kama dada alivyosema la sivyo linka itakulalamikia.

Hizo setvbuf mbili usizione kama mapambo ukazitoa. stdout ikigundua kwamba upande wa pili sio terminali inabadilisha tabia, haitoi mstari kwa mstari tena, inakusanya mpaka bafa (hifadhi ya muda) ijae ndo inamwaga, sawa na Hiace za Kongwa pale stendi haiondoki mpaka siti ya mwisho ipate mtu. Utakaa unaangalia logcat hakuna kitu unadhani paipu imekufa kumbe maneno yapo yamekaa kwenye bafa yanasubiri wenzao. _IOLBF maana yake toa kila mstari ukiisha, _IONBF maana yake usisubiri kabisa.

---

Nkuhungu_Fundi

Kodi ya mzee ni sahihi naitumia hivyohivyo, ila niongeze mambo ambayo yatakuja kukuuma usiku.

Hiyo paipu ina ujazo, kwenye Linux kawaida ni baiti 65,536. Thredi ya kusoma ikikwama au ikafa kwa sababu yoyote, paipu itajaa na printf inayofuata itasimama hapohapo inasubiri nafasi. Kama hiyo printf ipo kwenye thredi ya UI basi apu nzima inaganda na karani anaona ule ujumbe wa programu haijibu. Kwaiyo ndani ya ile thredi ya kusoma usiweke kazi nyingine, usiandike faili, usitume mtandaoni, isome na kukabidhi tu. Na ona mzee alivyoandika, kama pthread_create imefeli stdout tayari imeshageuzwa na hakuna msomaji, mi hapo huwa naanzisha thredi kwanza ndo nafanya dup2.

La pili, apu ikikrashi, mistari ya mwisho inaweza isionekane. Laibrari imeprinti, mstari umeingia kwenye paipu, ila mchakato umekufa kabla thredi haijausoma, na paipu inakufa na mchakato. Na ile mistari ya mwisho ndo unayoitaka kuliko yote! Kwaiyo sehemu unazozishuku, hata kama ni mbili tatu, pale weka __android_log_print moja kwa moja kama BintiKondoa alivyosema, hiyo haipiti kwenye paipu yako inaenda kwa logd (huduma ya Android inayotunza logi) papo kwa papo. Alafu krashi yenyewe iangalie kwa `logcat -b crash`, ipo kwenye bafa yake tofauti na main, watu wengi hawaiangalii.

La tatu, dup2 inageuza namba 1 na 2 za mchakato mzima sio za laibrari yako peke yake. Laibrari nyingine yoyote ya C iliyomo kwenye apu ikiprinti itatokea na tegi "mizani" pia. Ukiona maneno usiyoyajua usishangae. Na ukitaka stderr ije kwa ngazi ya E (kosa) tengeneza paipu mbili.

---

BintiKondoa

@Nkuhungu_Fundi hapo kwenye krashi ndo nilipokuwa nasema mimi, mkanionea. Haya.

Kuna njia nyingine ambayo haihitaji kodi kabisa, wrap.sh. Kuanzia Android 8, kama apu ni ya debagi, unaweza kuweka ndani ya APK faili lib/arm64-v8a/wrap.sh lenye mistari hii

    #!/system/bin/sh
    exec logwrapper "$@"

na kwenye manifesti android:extractNativeLibs iwe "true". Mfumo utaianzisha apu yako kupitia hiyo skripti, na logwrapper inakusanya stdout na stderr zote inazipeleka logi. Ubaya wake tegi inatoka na jina la app_process sio "mizani", na haifanyi kazi kwenye apu uliyoisaini ya kutoa kwa watu, ni ya kudebagia tu. Kama simu ni ya biti 32 foda iwe armeabi-v7a.

---

singida_alizeti

Logwrapper naikubali sana hiyo. Mi nina programu ya C inaendeshwa kutoka shell tu, nilikuwa nafanya `./pima | while read l; do log -t pima "$l"; done` ila mistari ilikuwa inakuja kwa mafungu, kimya kirefu alafu inamwagika yote na saa inaonyesha ileile moja. Ndo hiyo Hiace ya mzee?

---

mzeeWaTerminali

Ndo hiyohiyo. Ukiweka alama ya | programu yako inaona paipu sio terminali, inaanza kukusanya. logwrapper wenyewe walishalijua hilo, haitumii paipu, inafungua terminali ya bandia, pty, kwaiyo programu inadhani inaongea na mtu kwenye skrini na inatoa mstari kwa mstari bila wewe kugusa setvbuf. Wewe unaandika tu

    logwrapper /data/local/tmp/pima

na tegi inakuwa jina la programu, unaisoma kwa `logcat -s pima`. Angalia kwanza kama simu yako inayo, `ls /system/bin/logwrapper`. Na programu ikae /data/local/tmp, usiiweke /sdcard maana kule hairuhusiwi kuendesha faili, utapata permission denied uanze kutafuta mchawi.

---

KijanaWaHombolo

Wakuu paipu imekubali!! Nimeanzisha thredi kwanza kama alivyoshauri fundi ndo nikafanya dup2, nikaita kwenye JNI_OnLoad. Nimechomeka mizani nikaacha ikakaa kidogo nikaichomoa nikaweka kebo ya laptopu, `adb logcat -d -s mizani` mistari ipo.

Ila naona ya mwanzo haipo, ipo ya mwishoni tu. Mizani ipo nje chini ya turubai na huu upepo wa mwezi wa nane unajua wenyewe, uzito hautulii, laibrari inaprinti kila badiliko, 41.2, 41.3, 41.1, mpaka unaona kizunguzungu. Alafu lile la kuangalia muda huohuo bila kebo bado.

---

Nkuhungu_Fundi

Hiyo ya mwanzo imefutwa, logi ya Android ni ya mzunguko, inakaa kwenye kumbukumbu ya logd, ikijaa ya zamani inatupwa ipishe mpya. Angalia ukubwa kwa `adb logcat -g`, kwenye simu nyingi utakuta 256K kwa bafa, ambayo kwa upepo wa Dodoma haifiki saa ya chai. Ongeza kwa `adb logcat -G 8M`, au kwenye mipangilio ya wasanidi programu kuna sehemu ya ukubwa wa bafa za logi. Na usizime simu kabla hujaisoma, ikizimwa logi yote ya logd imeondoka.

Ila mi dawa yangu isingekuwa kuongeza bafa. Kwenye ile thredi ya soma una nafasi nzuri, mistari yote inapita mkononi mwako, kwaiyo mstari ukifanana na uliopita usiuandike, hesabu tu, ukibadilika andika "umerudiwa mara kadhaa" na namba yake. Logd za Android za nyuma zilikuwa zinafanya kitu kama hicho zenyewe, unaona tegi ya chatty na neno identical. Kwa uzito unaoyumba haitoshi kwa sababu mistari haifanani kabisa, hapo chuja, cheksamu iliyokataa iandike kila mara, uzito wa kawaida andika ukitulia tu.

Bila kebo: wakati mizani haijachomekwa unganisha simu na laptopu kwa kebo, piga `adb tcpip 5555`, chomoa. Washa hotspoti kwenye simu hiyohiyo, laptopu ijiunge nayo, alafu `adb connect 192.168.43.1:5555`, kwa Android 9 hiyo ndo anwani ya kawaida ya simu ikiwa hotspoti. Chomeka mizani yako na `adb logcat -s mizani` itatiririka mbele ya macho yako. Bando halitumiki kwenye hayo mazungumzo, simu na laptopu zinaongea zenyewe, ila laptopu nayo isianze kushusha apdeti zake kupitia hotspoti utalia. Simu ikizimwa na kuwashwa unarudia ile tcpip kwa kebo. Wenye Android 11 kwenda juu wao wana udebagi wa Wi-Fi uliojengewa, wana `adb pair` na namba ya siri, hawahitaji kebo hata mwanzo.

Ukimaliza irudishe kwa `adb usb`, usiiache simu ya kituo na mlango wa 5555 wazi.

---

singida_alizeti

Fundi hiyo ya hotspoti nimeijaribu sasa hivi hapa Manyoni, inapeta 🙌

---

KijanaWaHombolo

Imekubali na kwangu, nimekaa kwenye kivuli na laptopu naangalia kreti zinavyopanda. Na nimeshaona kitu, cheksamu inakataa pale tu karani anapogusa waya wa adapta, kwaiyo shida sio kodi ni kiunganishi kimelegea. Bila hizo printf ningeendelea kulaumu JNI mpaka msimu unaisha.

Swali la mwisho, mimi Hombolo siendi kila siku, nikirudi mjini Ng'ong'ona karani akikutana na tatizo atanitumiaje hiyo logi, hajui adb ni nini na sitaki kumfundisha

---

BintiKondoa

Weka kitufe ndani ya apu. Tangu Android 4.1 apu ya kawaida hairuhusiwi kusoma logi za apu nyingine ila za kwake mwenyewe inasoma bila ruhusa yoyote. Kwa Java unaita `Runtime.getRuntime().exec("logcat -d -v threadtime -s mizani")`, unasoma kinachotoka, unakiweka kwenye faili la apu, alafu unafungua ile menyu ya kushea anakutumia WhatsApp. Na -v threadtime iwepo, tarehe na saa zitakusaidia kulinganisha na risiti.

Kabla hujafanya hivyo pitia printf zote uone zinachoandika. Kama kuna mahali jina la mkulima au namba yake ya simu inaprintiwa iondoe, maana hiyo faili itazunguka kwenye magrupu. Kilo na namba ya risiti zinatosha.

---

mzeeWaTerminali

Na mistari isiwe mirefu sana, logi moja inabeba kama baiti 4,000 hivi, zaidi ya hapo inakatwa bila kukuambia. Kwenye ile kodi fgets inakata kwenye 1,023 kwaiyo upo salama, ila mtu akija kuongeza bafa akaweka 8192 akumbuke hilo.

Kuna simu nyingine pia zinazima logi za ngazi ya V na D (za chini kabisa, za kudebagia) kiwandani, zinaachia I kwenda juu. Bakia na ANDROID_LOG_INFO kama ilivyo, usishuke.

---

KijanaWaHombolo

Nimeipata. Naenda kununua kiunganishi kingine pale Majengo kesho asubuhi kabla sijapanda gari, kitufe cha kutuma logi nakiweka leo usiku. Asanteni sana wakuu, na dada asante.